Freddie Mercury kwenye ukuta wetu wa Shangani: achorwe au asichorwe?

Fundi Rangi wa Ligula

Wakuu, salaam. Kijiwe chetu cha muziki hapa Shangani, Mtwara mjini, kinapakwa rangi upya. Ukuta unaotazama barabara tumeutenga kwa wanamuziki wa Tanzania tu. Waliopita bila ubishi ni Siti binti Saad, Bi Kidude, Mbaraka Mwinshehe, Remmy Ongala na Harmonize wetu. Imebaki nafasi moja. Nimempendekeza Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, na kamati imepasuka pande mbili hadi watu hawasalimiani.

Hoja yangu ni hii. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi (wale Wahindi wa dini ya Zoroasta), baba yake mtunza fedha wa mahakama. Akiwa mdogo alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Unguja 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Sasa Remmy Ongala alizaliwa Kongo, na hakuna aliyenyoosha kidole. Tunampokeaje aliyekuja kisha tumkatae aliyezaliwa? Nijibuni hilo.

Na kila aliyekutana na sura ya Freddie huku Kusini atuambie wapi. Mimi juzi nilikuwa kwenye pantoni ya Msanga Mkuu. Kijana muuza pweza amevaa fulana ya mtumba: koti la njano lenye vifungo vya mikanda kifuani, mkono mmoja umepigwa ngumi juu, mwingine umeshika kile kijiti cha maiki kisicho na kitako. Picha imepasukapasuka kwa kufuliwa, masharubu yamebaki nusu. Namuuliza huyu nani, ananijibu "bondia wa zamani". Roho iliniuma. Ndiyo maana nataka achorwe na jina liandikwe chini yake kwa herufi kubwa.

Mama Naliendele

Mwanangu Fundi, mchore. Mimi nampendea paka zake. Alikuwa na paka wengi, Delilah ndiye kipenzi, na albamu yake ya peke yake ya 1985 aliitabaruku kwa paka wake Jerry pamoja na wapenda paka wote. Akiwa safarini alikuwa anapiga simu nyumbani awekewe paka kwenye simu azungumze nao. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa na roho mbaya.

Sura yake nimeiona kwenye kioo cha nyuma cha bajaji pale stendi. Dereva alikuwa anamjua vizuri tu, akanisimulia habari za meno: kwamba alikuwa na meno manne ya ziada taya la juu, akakataa kuyang'oa akihofia sauti itabadilika.

Mkweli Mtupu

Dada yangu, paka hawampi mtu uraia. Alizaliwa Unguja ikiwa chini ya himaya ya Mwingereza, Muungano umekuja 26 Aprili 1964 wakati watu wanafungasha. Maisha yake yote ya muziki ni London. Queen imeundwa 1970, huko huko. Taja wimbo mmoja wa Kiswahili aliouimba.

Mkimchora mtakuwa kama ndugu zetu wa Lindi, miaka nenda rudi wanamlilia mjusi wao mkubwa wa kale, yule dinosaria aliyeko Berlin. Kilichoondoka kimeondoka. Tusiwe watu wa kudai mifupa.

Mwana Mipingo

Mkweli Mtupu, hapo umenigusa pabaya. Mimi sikuwa na habari na ukuta wenu, lakini mjusi wa Tendaguru usimtaje kama kichekesho.

Mjusi hakuondoka, alichukuliwa. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba kilima cha Tendaguru, na mifupa ikabebwa na watu, mabegani na vichwani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Wenye mabega hayo ni babu zetu, na Maji Maji ilikuwa ndiyo kwanza imezimwa, watu wametoka kwenye njaa. Leo amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo cha mita 13 na ushei, watu wanakata tiketi kumwangalia. Freddie alipanda chombo na wazazi wake kwa hiari yao. Unafananishaje?

Mkweli Mtupu

Kwa hiari? Mwaka 1964 Unguja, familia ya mtumishi wa serikali ya kikoloni, unasema waliondoka kwa hiari? Soma historia kwanza, mdogo wangu.

Mwana Mipingo

Mdogo wako nani? Na ona ulivyojifunga mwenyewe. Kama hawakuondoka kwa hiari, basi "kilichoondoka kimeondoka" imekufa hapo hapo.

Binti wa Chikongola

Jamani tumrudie Freddie. Wangapi wanajua alikuwa anakusanya stempu utotoni? Baba yake naye alikuwa mkusanyaji. Albamu yenyewe iko kwenye makumbusho ya posta London, na ndani yake kuna stempu za Zanzibar. Na alipofika Uingereza alipakia mizigo uwanja wa Heathrow, kisha akauza nguo na Roger Taylor, mpiga ngoma wa Queen, kwenye kibanda soko la Kensington. Fundi, mchore akiwa muuza nguo. Vijana wetu wa mitumba watamwelewa upesi kuliko kwa lile koti la njano.

Fundi Rangi wa Ligula

Binti, wazo zuri sana, nalichukua. Ila swali la Remmy bado limesimama peke yake hapa.

Mzalia wa Malindi, sasa Mikindani

Assalaam alaykum. Mimi ni Mzanzibari niliyeoa Mikindani, nasema kwa adabu. Nyinyi mnagombea mtu ambaye sisi wenyewe hatujakubaliana juu yake. Mwaka 2006 ilipopangwa sherehe ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho waliipinga kwa nguvu kwa sababu ya maisha yake, na mnajua alikufa Novemba 1991 kwa maradhi ya ukimwi. Lakini mwaka 2019 kikafunguliwa chumba cha makumbusho yake pale Shangani, Mji Mkongwe, na wageni wanaingia kila siku. Kwa hiyo kwetu anakubaliwa na anakataliwa mtaa mmoja. Msiseme "wetu" kwa wepesi.

Chuno Juu

Subirini. Shangani! Mimi nilishasikia mzee mmoja akisema Freddie aliishi Shangani, na siku zote nilidhani hii yetu ya Mtwara. Kumbe ndiyo chanzo cha hadithi?

Mzalia wa Malindi, sasa Mikindani

Shangani ya Unguja, bwana. Pwani hii Shangani ziko zaidi ya moja. Mtwara hakuishi.

Chuno Juu

Basi ni sababu tosha. Jina la mtaa wake liko kwetu. Mchoreni.

Mkweli Mtupu

Hiyo ndiyo hoja? Jina la mtaa? Kwa hesabu hiyo Livingstone naye mchoreni, 1866 alianzia safari yake Mikindani.

Mama Naliendele

Na pale kwenye ule wimbo wa 1975, *Bohemian Rhapsody*, anasema "Bismillah". Mimi nilipousikia mara ya kwanza nilisimama, nikaongeza sauti ya redio. Mtoto aliyekulia London tangu kuzaliwa angelitoa wapi neno hilo? Ni Unguja ile inasema.

Mzalia wa Malindi, sasa Mikindani

Dada, familia yake ni Wazoroasta, si Waislamu. Neno hilo angeweza kulisikia Unguja, angeweza kulisikia India, angeweza kulisoma. Tusimpe dini ambayo si yake.

Mama Naliendele

Sijampa dini, shemeji. Nimesema sikio. Anayekulia Mji Mkongwe anasikia adhana mara tano kwa siku, Mparsi, Mhindi, Mgoa, yeyote. Hilo huwezi kuninyang'anya.

Kijana wa Mnazi Bay

Mimi nimeshikwa na lile neno la Mkweli, "tusiwe watu wa kudai". Wewe ni wa Mtwara kweli? Mwaka 2013 watu wa mji huu walisema gesi haitoki, na unajua ghasia zilizotokea. Bomba likajengwa, gesi ikaenda Dar es Salaam. Korosho zetu nyingi zinapanda meli zikiwa ghafi na maganda yake, zikabanguliwe nje. Mifupa Berlin, gesi Dar, korosho ng'ambo. Halafu mtu anatuambia tusidai!

Mkweli Mtupu

Nimezaliwa hospitali ya Ligula, wewe usinipime. Gesi ni ya nchi nzima, imewasha umeme wa nchi nzima, na hapa mjini imetuletea kiwanda cha saruji. Kilio si hoja.

Kijana wa Mnazi Bay

Saruji ya Dangote ndiyo imekufumba macho? Kaka, lete bei ya mfuko hapa Mtwara, halafu tuendelee.

Mwana Mipingo

Naona Kijana amenielewa. Niongeze kitu ambacho shuleni hatukuambiwa. Wanataja wanasayansi wa Kijerumani, Janensch na Hennig. Lakini msimamizi wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani. Ndiye aliyejua kufunua mfupa uliolala ardhini miaka milioni 150 bila kuuvunja. Mifupa iliyotoka ni mamia ya tani. Mnatafuta mtu wa ukuta? Huyo hapo.

Fundi Rangi wa Ligula

Mkuu, ukuta ni wa wanamuziki.

Mwana Mipingo

Wachukuzi wale walikuwa wanaimba njia nzima, Fundi. Hakuna msafara wa mizigo pwani hii uliokwenda kimya. Muziki ule mnaupima kwa nini, kwa gitaa?

Binti wa Chikongola

Hapo Mwana Mipingo kasema jambo zito. Lakini siafiki kumwondoa Freddie. Kinanda chake, kile alichotungia *Bohemian Rhapsody*, kiliuzwa mnadani London Septemba 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Vitu vyake vingi vilipigwa mnada, na sijui kama senti moja ilifika Unguja. Kwa hiyo yale yale.

Mkweli Mtupu

Yale yale vipi? Kinanda alikinunua kwa fedha yake, akamwachia rafiki yake Mary Austin kwa wosia wake, naye kakiuza. Mali halali ya mtu. Mnachanganya kila kitu kwenye sufuria moja kwa sababu mmekasirika.

Nyangao Kwetu

Nimesoma tangu juu, nimjibu Fundi maana naona wote mmemkimbia. Remmy alikuja Dar es Salaam mwaka 1978. Akapiga muziki wetu, akaimba kwa Kiswahili juu ya kifo, umaskini na ukimwi, akazeeka nasi, akafa Dar es Salaam Desemba 2010. Watu walimwita Dokta kwa mapenzi. Alituchagua. Freddie alikuwa na miaka zaidi ya kumi na tano ya umaarufu na hakurudi kupiga hata onyesho moja Zanzibar. Na kuhusu alikotoka alizungumza kwa nadra mno. Mimi nampenda, tamasha la *Live Aid* la 13 Julai 1985 pale Wembley naiangalia mpaka leo, dakika 20 hivi na uwanja mzima uko mkononi mwake. Lakini ukuta mmesema ni wa Tanzania. Yeye mwenyewe hakujihesabu humo.

Fundi Rangi wa Ligula

Ahsante, angalau kuna mtu kajibu. Lakini ndugu yangu, kunyamaza si kukana. Kijana wa Kiparsi jukwaani Uingereza ya miaka ile, aliyebadilisha jina hadi la ukoo, wewe unajua alichokuwa anakiogopa? Mimi nikimwangalia namwona kila mtoto wa Kusini anayefika Dar na kuficha lafudhi yake ili asichekwe. Simlaumu. Namchora ili yule wa pantoni ajue kwamba mtu aliyetoka pwani hii hii, mwenye meno yaliyochekwa shuleni, aliusimamisha Wembley. Mengine ya uraia waachieni uhamiaji.

Chuno Juu

Kura yangu: achorwe.

Kijana wa Mnazi Bay

Achorwe, ila Harmonize awe mkubwa kuliko yeye. Mtoto wa Tandahimba hawezi kuwekwa pembeni kwenye ukuta wa Mtwara.

Mzalia wa Malindi, sasa Mikindani

Na Siti binti Saad je? Mwanamke aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili, umpunguze kimo kwa ajili ya Harmonize? Hapo ndipo mimi na nyinyi tutakosana kweli.

Kijana wa Mnazi Bay

Shemeji, Siti anaheshimiwa Unguja. Hapa ni Mtwara.

Mama Naliendele

Kijana, chunga ulimi. Siti anaheshimiwa popote panaposemwa Kiswahili. Mimi nimeimbiwa taarabu kwenye harusi yangu Mikindani, na kila anayesimama na maiki kwenye harusi hizo anamdai yule mama shukrani.

Mkweli Mtupu

Mnaona sasa? Mmeanza na Mwingereza, mmefika kumvunjia heshima Siti. Nilisema.

Mwana Mipingo

Mkweli, wewe hujanijibu. Kilichochukuliwa kidaiwe au kisidaiwe? Bungeni wamelizungumza zaidi ya mara moja, usitukimbize kwenye taarabu.

Mkweli Mtupu

Nakujibu: ukimrudisha mjusi leo, utamweka wapi Lindi? Jengo gani lenye dari ya mita 13? Jenga kwanza, halafu dai.

Mwana Mipingo

Wale waliokaa naye kwenye makasha miaka mpaka walipomsimamisha 1937 walikuwa na jengo tayari siku walipomchukua? Jibu hilo.

Fundi Rangi wa Ligula

Jumamosi asubuhi naanza na Siti, kimo sawa na wengine wote. Nafasi ya Freddie naipaka rangi ya msingi tu kwa sasa. Anayepinga aje pale kijiweni na jina mbadala la mwanamuziki, asije na mjusi.

Mwana Mipingo

Nitakuja na jina la Boheti.