Mairungi na bangi Uganda: marufuku, kibali cha kuuza nje, au ushuru?

Mchumi wa Wandegeya:
Ndugu zangu, naomba tulinganishe njia tatu ambazo nchi yetu inaweza kuzifuata, tukizipima kwa mapato na gharama. Njia ya kwanza ni hii tuliyo nayo, yaani marufuku. Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliibatilisha sheria ya dawa za kulevya kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, katika shauri lililofunguliwa na wakulima na wauzaji wa mairungi (miraa) wa Wakiso. Miezi michache baadaye Bunge likapitisha sheria mpya na marufuku ikarudi. Njia ya pili ni vibali vya kulima bangi ya dawa kwa soko la nje, kama Lesotho ilivyoanza mwaka 2017 na kama ilivyojaribiwa kwetu Kasese. Njia ya tatu ni kuhalalisha matumizi ya watu wazima na kuyatoza ushuru.

Wanaoitetea njia ya tatu hupenda kuitaja Colorado, jimbo la Marekani, ambako maduka ya bangi yalifunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Mwaka 2021 jimbo hilo lilikusanya zaidi ya dola milioni 420, na sehemu ya fedha hizo ikajenga shule. Ni kweli, lakini kufikia 2023 mapato yalikuwa yameshuka chini ya dola milioni 300, kwa kuwa majimbo mengine nayo yalikuwa yamefungua maduka yake na wateja wa kutoka nje wakapungua.

Kwa maoni yangu, kabla ya kuuliza kodi iwe kiasi gani, tuulize itakusanyiwa wapi. Ushuru wa bia hukusanywa bila taabu kwa sababu bia hutoka katika viwanda vichache. Bangi huota nyuma ya nyumba, na ikikaushwa hukaa miezi mingi. Mairungi ni kinyume chake: majani yake hupoteza nguvu baada ya siku mbili hivi, kwa hiyo lazima yatoke shambani alfajiri na kufika sokoni mapema, kwa barabara zinazojulikana. Ndiyo maana napendekeza tuanze na mairungi, na bangi isubiri.

Mkulima wa Butambala:
Mheshimiwa, umesema jambo tunalolijua sisi wa Kabasanda. Tunachuma kabla jua halijachomoza, tunafunga kwa majani ya mgomba, tunanyunyiza maji, kisha gari linaondoka. Njiani dereva husimamishwa, hushuka na noti mkononi, hurudi bila noti na bila karatasi yoyote. Mara nyingine hutokea zaidi ya mara moja katika safari moja, na kila shilingi inayoachwa pale hukatwa katika bei ninayolipwa mimi. Kodi tunailipa, ila haifiki hazina. Ningekubali kulipa mara moja, nikapewa risiti, na mzigo ukapita salama.

Mhasibu wa Mbale:
Mzee wangu, pole kwa hayo, lakini risiti pekee haitoshi kumaliza soko la kificho. California iliruhusu uuzaji mwaka 2018 kwa kodi zilizorundikana moja juu ya nyingine, na wanunuzi wengi wakabaki kwa wauzaji wasio na leseni, hata jimbo likafuta kodi ya kilimo cha bangi Julai 2022. Sisi tunao mfano wa nyumbani. Sheria ya Enguli ya 1965 ilitaka wapikaji wa waragi, pombe yetu kali ya kienyeji, wawe na leseni, na bado upikaji wa vijijini haukukoma. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa Kabale kwa waragi uliochanganywa na methanoli, kemikali yenye sumu. Kwa hiyo kiwango cha ushuru kianze chini, hata kama hazina itanung'unika, kisha kiongezwe polepole baada ya wauzaji kusajiliwa.

Muuguzi wa Gulu:
Nashukuru kwa hesabu zenu, ila naona upande wa matumizi umesahauliwa. Kijana anayetafuna usiku kucha, asiyelala wala kula, huletwa kwetu na mama yake akiwa amechanganyikiwa, na kitanda anacholalia kina gharama. Kama ushuru utatozwa, fungu lake liandikwe ndani ya sheria yenyewe kwamba linakwenda kwenye huduma za afya ya akili, maana fedha zikishaingia katika mfuko mkuu hatutaziona wodini. Vilevile, ipo njia ya nne ambayo haikutajwa: Uruguay ilipitisha sheria yake mwaka 2013, ikauza bangi kwenye maduka ya dawa kuanzia 2017 kwa watu waliosajiliwa, gramu 40 kwa mwezi bila kuzidi, na matangazo yakapigwa marufuku. Mapato ni madogo, lakini hakuna mfanyabiashara anayepata faida kwa kumfanya kijana atumie zaidi.

Mchumi wa Wandegeya:
Dada, nakubali kuhusu fungu la afya, na nakubali kwamba matangazo yasiruhusiwe. Kuhusu njia ya pili, mimi siiamini kama tegemeo. Kenya hutambua miraa kama zao halali, lakini Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, wakulima wa Meru walipoteza soko kwa uamuzi ambao hawakuwa na sauti ndani yake. Somalia nayo ilizuia miraa hiyo kuanzia 2020 hadi 2022. Bangi ya dawa, pamoja na masharti yake ya maabara na uzio, itabaki kwa wenye mitaji mikubwa.

Mzee wa Butambala, nisaidie: ushuru utozwe kwa kifungu au kwa kilo?

Mkulima wa Butambala:
Kwa kifungu, watu watafunga vifungu vinene. Kwa kilo, nilikueleza kwamba tunanyunyiza maji ili majani yasinyauke, na mizani itayapima maji hayo pia. Afadhali kila gari lilipe kwa ukubwa wake linapoondoka, asubuhi, pale pale kijijini.