Mhusika wangu ni mkaguzi wa majiko ya hoteli, mwenzake ana mbwa wa kunusa kunguni: kazi yao hufanyikaje hasa?

Kalamu_Nyeusi

Habari wakuu. Naandika riwaya ambayo mhusika mkuu ni afisa afya, mwanamke, anayekagua majiko ya hoteli. Mwenzake ana mbwa aliyefundishwa kunusa kunguni. Katika sura ya pili wanaingia hotelini asubuhi, wanaanza na jiko mbwa akiwa mbele, kisha wanapanda vyumbani. Mchana hoteli inafungwa kwa sababu afisa amepangusa meza kwa pamba na kuona bakteria papo hapo. Nyumbani ana paka anayekagua kila kitu kinachoingia mlangoni. Wanaoijua kazi hii naomba mnisahihishe: anaanza wapi, anapima nini, kwa namba gani, na mwenye jiko mjanja huficha nini? Sitaki mpishi aisome akaona uongo.

Sinki_la_Tatu

Anza na mikono, mkuu. Afisa akishajitambulisha, akavaa koti na kofia ya nywele, huenda moja kwa moja kunawa kwenye sinki la kunawia mikono. Hapo tayari anakagua, na wengi hawatambui. Je, maji yanatoka? Sabuni ipo, au chupa imekauka mdomoni? Kuna karatasi za kujifutia? Sinki lenyewe limejaa vyombo na masufuria? Kama lazima mtu ahamishe ndoo ndipo anawe, basi hakuna aliyenawa tangu asubuhi, hata kama ukutani kumebandikwa tangazo zuri la kunawa kwa sekunde 20.

Saa yako pia ibadilishe. Asubuhi na mapema jiko huwa safi na tupu. Mletee afisa wako saa tisa alasiri, chakula cha mchana kimebaki na kinapozwa kwa ajili ya kesho. Hapo ndipo watu wengi hukosea.

Mkononi awe na kipimajoto cha sindano, vitambaa vya spiriti vya kufutia sindano kila anapohama chakula, tochi, karatasi za kupimia klorini, na fomu yenye nakala. Kipimajoto kinahakikiwa kwanza. Unajaza glasi barafu iliyopondwa, unaongeza maji baridi kiasi cha kufunika, unakoroga, unatumbukiza sindano bila kugusa kuta wala kitako, na baada ya dakika mbili kisome 0, kikizidi au kupungua kisivuke nyuzi 1. Njia ya maji ya kuchemka ipo, lakini sehemu za miinuko inadanganya: mita 1,500 juu ya usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na asiyejua hilo atatupa kipimajoto kizima.

Kisha namba. Chakula cha baridi kikae nyuzi 5 au chini, cha moto 60 au zaidi. Katikati ya hapo bakteria huzaana. Kuku aive hadi 74, na sindano iingie sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, kwa sababu mfupa hupotosha usomaji. Friji haisomwi kwenye kioo cha nje. Kioo kinaonyesha hewa iliyo karibu na kihisio chake tu, wakati maziwa yaliyopangwa mlangoni yamefika 9. Unachukua pakiti mbili, unaweka sindano katikati yake bila kutoboa, unasubiri namba itulie. Ukiona joto limepanda, funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi, kisha ukivute. Kikitoka kirahisi, mpira wa mlango umekwisha.

Tukio ninalokushauri ulipe kurasa ni sufuria kubwa ya mchuzi au wali iliyoachwa juu ya meza ipoe. Kanuni ni kwamba kishuke kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kifike 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Sufuria yenye kina cha sentimita 40 haiwezi hata ukiiingiza kwenye friji, kwa kuwa joto la katikati halina pa kutokea. Afisa anapima juu anapata 24, anazamisha sindano katikati anapata 48. Mpishi anaapa kwamba imepoa, na kwa kuigusa kwa nje anasema kweli. Hatari iko kwenye spora (hali ya bakteria ya kujifungia kwenye ganda gumu) za bakteria Bacillus cereus kwenye wali na Clostridium perfringens kwenye nyama. Spora hazifi kwa kupikwa. Huamka chakula kinapokuwa vuguvugu kwa muda mrefu. Na Bacillus cereus huacha sumu ya kutapisha ambayo kupasha moto hakuiondoi, hivyo “tutakichemsha vizuri kesho” si jibu. Dawa yake ni kumimina kwenye trei kina kisichozidi sentimita 5, au kukalisha sufuria kwenye maji ya barafu na kukoroga.

Kuosha vyombo ni masinki matatu: sabuni, kusuuza, dawa. La tatu ndilo huonewa. Klorini inatakiwa miligramu 50 hadi 100 kwa lita. Dawa ya asilimia 5 ukiweka mililita 1 kwenye lita ya maji unapata kama 50, mililita 2 unapata 100. Watu humimina kwa macho. Ikiwa nyingi mno vyombo vinabaki na dawa. Ikiwa kidogo, au maji yana masalia ya chakula, karatasi haibadiliki rangi kabisa, maana uchafu umeshaimaliza klorini. Vyombo vikitoka hapo vikauke kwa hewa. Kitambaa kikavu kinachopita kwenye sahani zote kinarudisha kile kilichoondolewa.

Kuhusu ujanja: daftari la joto la friji. Ukurasa wenye 4, 4, 4, 4 mwezi mzima, kalamu moja, mwandiko mmoja, hauna hata alama ya kidole chenye mafuta, umeandikwa kwa mkupuo mmoja. Wakati mwingine unakuta hata saa kumi na mbili ya jioni hiyo imeshajazwa. Afisa wako asipige kelele. Apime friji ile ile mbele ya mwenye jiko, aandike namba yake pembeni ya ile ya daftari, amwombe asaini.

Panya: tochi ishikwe chini, mwanga ulale sambamba na ukuta, ndipo kinyesi na nyayo kwenye vumbi huonekana. Kinyesi cha panya mdogo kina urefu wa milimita 3 hadi 6 na ncha zilizochongoka. Kikiwa kipya kinang'aa na ni laini. Cha zamani hupukutika. Apime pia nafasi chini ya mlango wa nyuma. Milimita 6 zinamtosha panya mdogo, kwa hiyo penseli ikipita, naye anapita. Mende watafutwe nyuma ya friji, karibu na mota, kwenye joto.

Pua_ya_Kazi

Mimi nizungumzie mbwa, na kosa la kwanza ni kubwa: mtoe jikoni. Mbwa wa kunusa haingizwi mahali chakula kinapoandaliwa, na mkaguzi wa usafi ndiye wa kwanza kukataa. Kunguni wenyewe hawana shughuli jikoni, wanamfuata binadamu aliyelala. Kwa hiyo mwenzake aingie kwa mlango mwingine, apande ngazi moja kwa moja hadi vyumbani.

Mbwa wa kunguni habweki wala hachimbi akipata. Anakaa, au anaelekeza pua mahali hapo na kuganda, kisha analipwa punje chache za chakula. Wengi hufundishwa kwa mtindo wa kupata chakula pale tu wanapopata harufu, ndiyo maana mazoezi ni ya kila siku, hata siku zisizo na kazi. Vifaa vya mazoezi ni vichupa vidogo vyenye kunguni hai, mdomo umefungwa kwa kitambaa cha wavu mwembamba, harufu itoke wadudu wasitoke. Lazima afundishwe pia kupuuza kunguni waliokufa, magamba waliyojivua na kinyesi cha zamani. Asipofundishwa hivyo atakaa kwenye chumba kilichopigwa dawa miezi mingi iliyopita, na hoteli italipia dawa bure.

Kabla ya kuingia, mwongozaji anazima feni na kiyoyozi na kusubiri hewa itulie. Hewa ikivuma, harufu inabebwa hadi ukuta wa pili na mbwa anakaa mbele ya kabati lisilo na kitu. Afanye kazi kwa vipindi vya nusu saa hivi, kisha maji na kupumzika. Mbwa aliyechoka anahema kwa mdomo, na anayehema hivyo hanusi vizuri.

Ila adui mkubwa ni mwongozaji mwenyewe. Akishuku kitanda fulani atasimama hapo sekunde mbili zaidi, kamba itakazika kidogo, na mbwa atamfurahisha kwa kukaa. Jambo hili linajulikana tangu 1907, Oskar Pfungst alipoonyesha kwamba Hans, farasi wa Berlin aliyesifiwa kwa kujua hesabu, alikuwa akisoma miili ya waulizaji. Muulizaji asipolijua jibu la swali, Hans naye hakulipata. Ndiyo sababu jaribio la haki ni lile ambalo vichupa vimefichwa na mtu wa tatu, vingine vitupu, na mwongozaji hajui viko wapi.

Na mbwa akikaa, kazi ya mtu ndiyo inaanza. Tochi, kadi ngumu ya kupitisha kwenye mishono ya godoro, bisibisi ya kufungua ubao wa kichwani. Mdudu mzima ana milimita 5 hivi, yai ni jeupe na lina kama milimita 1. Ripoti nzuri huandika “mbwa ameashiria, wadudu hawajaonekana” kama hali yake ya pekee. Isigeuzwe kuwa “wapo”.

Aina ya mbwa? Bigo (beagle) anafaa: mdogo, mpole, anapenda chakula kupita kiasi, na haogopeshi wageni. Kwa sababu hizo hizo Wizara ya Kilimo ya Marekani ilianza kuwatumia uwanja wa ndege wa Los Angeles mwaka 1984 kunusa matunda na nyama kwenye mizigo ya abiria.

Kalamu_Nyeusi

Asanteni sana, sura nzima naiandika upya, na mbwa nimeshamtoa jikoni. Sasa ile pamba ya mezani: haiwezekani kabisa kupata jibu hapo hapo? Na je, anaweza kufunga jiko siku hiyo hiyo?

Mezani_Maabara

Bakteria wa kupangusa kwa pamba wanahitaji kuoteshwa, na hiyo ni saa 24 hadi 48 kwenye joto maalumu, bado kuwatambua. Kuna kifaa cha mkononi kinachopima ATP (kemikali iliyo ndani ya seli za viumbe) kwa mwanga na kutoa namba ndani ya sekunde chache, lakini kinakwambia kuna mabaki ya kitu chenye uhai, ikiwemo juisi ya nyanya. Hakitaji bakteria. Mhusika wako anaweza kukitumia kumwonyesha mpishi kwamba meza “safi” si safi, basi.

Sampuli akichukua, uzito wa tukio uko kwenye ufungaji: chombo kilichotakaswa, lebo yenye saa na mahali, lakiri iliyosainiwa na pande zote mbili, kisanduku cha baridi chini ya nyuzi 5. Maji ya bomba hukingwa mililita 100 kwenye chupa yenye sodiamu thayosalfeti kidogo, ili klorini isiendelee kuua bakteria njiani na maabara ikasema maji ni salama. Chupa hiyo isisuuzwe kabla ya kukinga. Anayesuuza anaimwaga hiyo dawa.

Sinki_la_Tatu

Kufunga papo hapo kunawezekana, na hakuhitaji maabara. Maji taka yakirudi juu ya sakafu ya jiko, maji safi yakikatika bila akiba, umeme ukikatika kwa muda mrefu na friji zote zikipanda, au panya na mende wakionekana mchana juu ya sehemu za chakula, hiyo ni hatari ya sasa hivi. Sheria za nchi hutofautiana juu ya nani anasaini amri, kwa hiyo angalia ya mahali ulipoiweka hadithi. Ile sufuria ya nyuzi 48, kama imekaa saa tano, haifungi hoteli: inamwagwa mbele yake, kilo zinaandikwa.

Ukitaka tapeli anayejifanya mkaguzi, kama kile kisa cha mwandishi Mrusi Gogol cha 1836, mfichue kwa mikono yake. Tapeli huomba makaratasi na kiti. Hafungui friji, na hanawi.

Masharubu_Manne

Nimebaki na paka. Hafiki na kunusa papo hapo. Anasimama mbali, mwili chini, shingo mbele, miguu ya nyuma tayari kukimbia. Kitu kilicho karibu kabisa na pua hakioni vizuri, kwa hiyo masharubu yanasogea mbele kukipima. Kisha anagonga kwa mguu mara moja na kuurudisha haraka. Akiridhika anasugua shavu, ambako ana tezi za harufu, na mfuko unakuwa wake.

Afisa akirudi na harufu ya mbwa kwenye suruali, paka atanusa ugoko kwa muda mrefu, atainua kichwa na kubaki mdomo wazi, mdomo wa juu umekunjwa. Msomaji atadhani amekasirika. Kumbe anapeleka harufu kwenye kiungo cha Jacobson, kilicho kwenye paa la mdomo nyuma ya meno ya mbele. Asimwinue wakati huo. Amwache amalize, na suruali aivulie mlangoni.