Je, mtandao wa hifadhi uliogatuliwa utadumu miaka kumi? Naomba ulinganisho kabla kamati haijalipa

Mhifadhi_Mbale
Hamjambo, wanajukwaa. Kituo chetu kina rekodi za sauti na picha zilizokusanywa kwa miaka mingi, na kamati imenipa hadi mwisho wa mwezi nipeleke pendekezo la mahali pa kuziweka. Kwa sasa zimo katika diski za nje, zote ndani ya kabati moja, jambo linaloninyima usingizi. Nimesoma kuhusu Filecoin, Storj, Sia na Arweave, ambako data haikai kwa kampuni moja, bali hutawanywa kwa watu wengi wenye diski, nami nimevutiwa na bei. Ninachoogopa ni kulipa leo kisha mtandao wenyewe ufe. Mnapimaje kama mtandao wa namna hii utafaulu, na upi ni bora?

FundiSeva_Ntinda
Ndugu, umeuliza bei ya ng'ombe bila kusema unataka wa maziwa au wa kuchinja. Data yenu ni terabaiti ngapi? Hufunguliwa mara ngapi kwa mwezi? Je, zimo sauti na majina ya watu walio hai? Kamati italipa kwa kadi au kwa sarafu ya kidijitali? Na kasi yenu ya kupakia ni ipi? Bila majibu hayo, kila mtu hapa atakusifia anachokitumia yeye.

Binti_Jinja
Basi nianze mimi kusifia changu. Ninatumia Storj kwa nakala rudufu za ofisi. Nilipoanza, kila faili lilisimbwa (lilifungwa kwa ufunguo wa siri), kisha lilikatwa vipande 80 vilivyokwenda kwa watu mbalimbali, na vipande 29 vyovyote vilitosha kulirudisha faili zima. Bei niliyoanza nayo ilikuwa dola 4 kwa terabaiti kwa mwezi, na dola 7 kwa kila terabaiti ninayopakua. Thibitisha bei ya sasa. Ninalipa kwa kadi, na sijawahi kugusa hata tokeni moja, yaani sarafu ya kidijitali ya mtandao wenyewe.

Mtazamaji_Kololo
Kabla ya kuchagua jina, tukubaliane kwanza kuhusu kipimo. Watu huipima mitandao hii kwa bei ya tokeni au kwa ukubwa wa diski zilizounganishwa, na vyote viwili hudanganya. Filecoin ilikusanya zaidi ya dola milioni 200 mwaka 2017, ikaanza kazi rasmi Oktoba 2020, na Aprili 2021 tokeni yake moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 200. Kufikia mwisho wa mwaka 2022 ilikuwa imeshuka chini ya dola 5. Katika kipindi hichohicho nafasi iliyotangazwa ilipita exabaiti 10 (terabaiti milioni 10), lakini sehemu kubwa mno haikuwa na data ya mteja yeyote, kwa kuwa mtandao uliwalipa wenye diski kwa kuthibitisha tu kwamba nafasi ipo. Ni sawa na kumlipa mfanyabiashara wa Busia kwa kujenga maghala bila kuchungulia kama yana mahindi. Swali langu ni hili: ukiziondoa tokeni mpya zinazotolewa kama zawadi, je, fedha za wateja peke yake zinatosha kulipia umeme na diski za wenye nodi, yaani kompyuta zinazohifadhi data? Kama hazitoshi, mtandao unaishi kwa matumaini ya wanunuzi wa tokeni.

Kijana_wa_Makerere
Mzee, kipimo chako ni kizuri, ila unakitumia mapema mno, kwa sababu hakuna mteja atakayekuja kabla ya nafasi kuwepo. Filecoin humtaka mwenye diski aweke dhamana ya tokeni, kisha athibitishe kila siku kwa njia ya hisabati kwamba bado anaishikilia data aliyokabidhiwa, akishindwa, hukatwa dhamana hiyo. Pia upo mpango unaoipa data halisi iliyokaguliwa uzito mara 10 wa nafasi tupu katika kugawa zawadi. Internet Archive, maktaba ya kidijitali ya Marekani, imeweka humo nakala za kumbukumbu za tovuti za serikali ya Marekani, na kituo cha utafiti cha Starling Lab kimeweka ushuhuda wa manusura wa mauaji ya kimbari uliokusanywa na USC Shoah Foundation. Rekodi hizo hazina tofauti kubwa na za mwenzetu wa Mbale.

Mtazamaji_Kololo
Internet Archive ina seva zake yenyewe, na ile ni nakala ya ziada. Mwenzetu ana kabati.

Mzee_Bweyogerere
Niruhusuni niseme kama mtu aliyekaa upande wa pili, upande wa mwenye diski. Nilijiunga na mtandao mmoja ambao sitautaja, nikanunua diski mbili za terabaiti 8, UPS (betri ya dharura umeme ukikatika), na intaneti ya nyuzi za kioo nyumbani. Tatizo la kwanza lilikuwa anwani: mtoa huduma alikuwa amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, hivyo nodi za nje hazikuweza kunifikia hadi nilipolipia anwani yangu mwenyewe kila mwezi. La pili lilikuwa malipo: katika miezi ya mwanzo mtandao hushikilia sehemu kubwa ya mapato ya nodi mpya kama dhamana, nami nilivumilia nikijua yatarudi. Diski zilijaa polepole kama mtungi chini ya paa linalovuja. Usiku mmoja wa mvua umeme ulikatika, UPS ikahimili dakika ishirini hivi, na mashine ikazimika ghafla wakati ikiandika. Kulipokucha, mfumo wa faili wa diski moja ulikuwa umeharibika. Niliirekebisha nikidhani mambo yamekwisha, kumbe vipande vingi havikuwepo tena. Nodi yangu ikafeli ukaguzi mara kwa mara, ikafukuzwa, na fedha zote zilizoshikiliwa zikaenda nayo. Kwa haki, mteja hakupoteza kitu, kwani vipande vyake vilijengwa upya kwingine. Kanuni ilifanya kazi kama ilivyoandikwa. Lakini tangu siku hiyo huwa ninajiuliza: ikiwa wa Kampala hufukuzwa na mvua, na wa nchi nyingine huondoka bei ya tokeni ikianguka, ni nani anayebaki?

FundiSeva_Ntinda
Wanaobaki ni wenye vyumba vya seva, Mzee, na hapo ugatuzi wenyewe unaanza kupungua. Ila UPS ya dakika ishirini bila programu ya kuizima mashine kwa utaratibu lilikuwa kosa lako.

Mzee_Bweyogerere
Nakubali. Programu hiyo niliiweka baadaye, na ilikuja na betri ya sola ambayo sasa inaendesha jokofu.

Wakili_Mbarara
Mnasahau sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaruhusu taarifa binafsi kuchakatwa nje ya Uganda iwapo huko kuna ulinzi unaolingana na wa hapa, au mhusika ameridhia. Katika mtandao ambao vipande hutawanyika kokote, utaonyeshaje hilo?

Kijana_wa_Makerere
Vipande vimesimbwa, na mwenye diski haoni kitu. Tena ugatuzi unatulinda dhidi ya kufungiwa.

Wakili_Mbarara
Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Vipande vyako 80 vilikuwa salama huko nje, na wewe ulikuwa Kampala huwezi kuvifikia.

Mhifadhi_Mbale
Samahani kwa kuchelewa. Data ni terabaiti 7, ni simulizi na nyimbo za wazee wa Bugisu, na baadhi yao wako hai. Tunazifungua mara chache kwa mwaka. Kamati italipa kwa kadi tu. Kasi ya kupakia ni megabiti 10 kwa sekunde. Nilikuwa nimeanza kuipenda Arweave, kwa kuwa unalipa mara moja na wanalenga angalau miaka 200.

Wakili_Mbarara
Arweave haifuti kitu. Mzee mmoja, au mjukuu wake kwa niaba yake, akiomba wimbo uondolewe, utamwambia nini?

Mtazamaji_Kololo
Na miaka hiyo 200 imejengwa juu ya mfuko unaodhania kwamba gharama ya kuhifadhi itaendelea kushuka. Huenda ikashuka. Mimi nisingeiahidi kamati.

FundiSeva_Ntinda
Kwa kasi hiyo, terabaiti 7 zitachukua takriban siku 65 za kupakia usiku na mchana. Ukichagua njia ya Binti wa Jinja, na kompyuta yako yenyewe ndiyo ikate vipande, kwa idadi ya vipande aliyoitaja utatuma karibu mara tatu ya ukubwa wa faili, yaani kama miezi sita.

Binti_Jinja
Hiyo huepukwa kwa kupitia seva zao za lango, ambazo hukata vipande kwa niaba yako. Ila nakiri kwamba hapo usimbaji hufanyika kwao, na Wakili atakuwa na la kusema.

Wakili_Mbarara
Ninalo.

Mhifadhi_Mbale
Nitaomba kamati iongeze mwezi mmoja. Wakati huohuo, Mzee wa Bweyogerere, ile diski ya terabaiti 8 iliyobaki nzima bado unayo? Nasi tuna ofisi ndogo Tororo yenye kabati jingine.