Mrejesho: saizi ya panya wa kugandishwa kwa nyoka wangu wawili

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa namna ya kuchagua saizi ya panya wa kugandishwa, maana pakiti huandikwa "mdogo" au "wa kati" na kila muuzaji ana kipimo chake. Nawashukuru sana nyote mlionijibu.

Niliachana na majina ya pakiti nikachukua mizani ya jikoni, kama mlivyoshauri: kwa nyoka mchanga, mlo uwe karibu asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, na unene wa panya ukaribiane na sehemu nene kuliko zote ya mwili wake. Chatu wangu ana gramu 200, hivyo nikamchagulia panya wa gramu 24. Panya aliyeyukia kwenye friji usiku kucha, kisha nikampasha ndani ya mfuko uliofungwa, kwenye maji ya moto yasiyochemka. Kichwa cha panya kilipopata joto, chatu alimrukia papo hapo. Tumboni kilibaki kivimbe kidogo tu, na hajatapika.

Yule mwingine, mwembamba, bado ananipa kazi. Panya mwenye manyoya hamgusi hata akiwa wa saizi yake sawasawa. Ushauri wa kumpasua panya kidogo kichwani ili harufu itoke nao haujasaidia. Kwa sasa anakula vichanga wawili wasio na manyoya kwa mlo mmoja, na uzito wake unapanda. Nitaendelea hivyo huku nikimjaribu mara mojamoja.