Mataa yamekufa tangu Machi, mtoto amevunjika mguu, na kila ofisi inasema si kazi yake

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuipunguza.

Mataa ya makutano makubwa ya mji wetu yamezimika tangu Machi. Mji wenyewe si mkubwa, lakini barabara ya kwenda Tunduma inapita katikati yake, stendi upande huu, soko upande ule, na shule ya msingi hapo hapo. Malori ya kontena, matenki ya mafuta, IT (magari yanayopita tu nchini) zinazokimbizwa Kongo, mabasi ya mikoani, daladala, bajaji na bodaboda, wote wanakutana pale na hakuna anayejua zamu ni ya nani. Kwenye taa nyekundu ya upande wa soko ndege ameshajenga kiota. Kisanduku cha mitambo chini ya nguzo hakina mlango, nyaya ziko nje, na watoto wanaegemea nguzo hiyo hiyo wakisubiri kuvuka. Zebra imebaki mikwaruzo ya rangi, dereva mgeni haioni mpaka awe juu yake. Kibao cha kuonyesha kuna shule kilikatwa, bila shaka kimeshauzwa chuma chakavu. Kimebaki kisiki cha bomba, urefu wa kiganja.

Wiki tatu zilizopita mtoto wa mama anayetuuzia vitumbua aligongwa pale. Yuko darasa la tatu. Semi ilisimama, dereva akampungia mkono avuke, bajaji ikachomoka ubavuni mwa semi. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, niliona kila kitu. Kiatu kimoja kilibaki katikati ya lami na magari yakaanza kukikwepa. Sasa mtoto yuko nyumbani, amefungwa hogo mpaka kwenye paja, na mama yake hauzi tena vitumbua kwa sababu hana wa kumwachia. Mwenye bajaji ana kosa lake na sheria imshughulikie. Lakini yangekuwepo mataa yanayowaka, yule mtoto asingevuka kwa huruma ya dereva wa lori.

Nikaandika barua, nikaipeleka mwenyewe. Ofisi moja ikaniambia mataa yalifungwa na mradi na wao hawajakabidhiwa. Nyingine ikaniambia waliokabidhiwa ni wenzao. Ya tatu ikapokea barua, ikagonga muhuri, nikaambiwa nitapigiwa simu. Sijapigiwa. Sizitaji, maana wenzangu wa miji mingine mnajua hadithi ni hii hii.

Ninachouliza ni hiki: tangu lini mwananchi ndiye anayetakiwa kujua mpaka wa ofisi na ofisi? Sheria ya Barabara ya 2007 imezigawa barabara. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa ulioanzishwa 2000. Za wilaya, pamoja na mitaa ya mijini, ziko kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Wote hao ni serikali. Wakipishana juu ya nani alipe luku ya mataa au nani anunue balbu, wamalizane ndani kwa ndani huko. Mtoto hawezi kusubiri barua za makabidhiano ili avuke kwenda shule.

Na msiniambie fedha hakuna. Kila lita ya petroli na dizeli tunayonunua ina tozo ya barabara ndani yake, na mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita. Bodaboda anayeweka lita mbili pale sheli ya stendi ameshailipia hiyo taa asubuhi kabla hajapata abiria wa kwanza.

Kuna kibao kimoja tu ambacho hakijawahi kuanguka: cha 50, pale unapoingia mjini. Kimenyooka, kinang'aa, na mbele yake kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo. Ukizidisha, 30,000. Sipingi faini, mwendo unaua. Ila mwenye uwezo wa kukitunza kile kibao anashindwaje kutunza kile cha shule, ambacho hakifiki hata kilomita mbili kutoka hapo?

Kinachonikera zaidi ni kwamba huu unachukuliwa kama mji wa kupita. Viongozi wakija, trafiki wanasimama kwenye makutano tangu alfajiri na barabara inakuwa shwari. Wakiondoka, anabaki kijana mmoja na tawi la mti mkononi anaongoza magari, wapita njia wanamrushia mia mbili mia tano. Huyo kijana ndiye taa yetu.

Nguzo ya umeme ina namba. Ikianguka unapiga simu, unataja namba, mafundi wanajua waende wapi. Kwa nini nguzo ya mataa haina? Ibandikwe namba, jina la ofisi inayohusika na simu yake, tena kwa maandishi makubwa, ili siku ikizimika tusianze kuzungushwa.

Jumatatu naenda ofisi ya mkuu wa wilaya na nakala za barua zote, pamoja na picha za kile kisanduku. Kama kuna mtu humu mataa ya mji wake yalikufa na yakatengenezwa, aniambie alianzia mlango upi na ilichukua muda gani. Na walioko mji huu wanaojua ninaposema ni wapi, tukutane pale kwenye makutano saa mbili asubuhi twende pamoja.