Mguso wa mwili michezoni: kipande cha Sydney kimenishinda

Mhariri_Moro (swali)

Wanajamvi, habari za wakati huu. Ninatengeneza video ya rimiksi ya dakika nne kuhusu namna wanamichezo wanavyogusana, na nimefika mahali ninapohitaji mawazo yenu. Nilianza na Derek Redmond wa Uingereza katika nusu fainali ya mita 400, Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992: msuli wa nyuma ya paja umechanika, anarukaruka kwa mguu mmoja, baba yake anawapita wasimamizi na kumshika, naye analia begani kwa mzazi wake. Nikafuatisha Braima Suncar Dabo wa Guinea-Bissau akimkokota Jonathan Busby wa Aruba hadi mwisho wa mita 5,000 mjini Doha mwaka 2019.

Sehemu ya tatu ni ya mikono inayoshika vichwa, yaani makocha, manahodha na makipa baada ya penalti, na vipande vyake nilivipanga kwa kufuata mpigo wa ngoma. Kwa majaribio nikaingiza Luis Rubiales, aliyekuwa rais wa shirikisho la soka la Hispania, akimshika Jenni Hermoso, mchezaji wa timu ya Hispania, kichwa kwa mikono miwili na kumbusu mdomoni wakati wa kugawa medali za Kombe la Dunia la wanawake, Sydney, tarehe 20 Agosti 2023. Kilichonitisha ni kwamba kipande kile kiliingia kwenye mpigo bila kukwaruza popote, na rafiki niliyekuwa naye hakushtuka. Hermoso alisema hakuridhia, na Februari 2025 mahakama ya Hispania ilimtia Rubiales hatiani kwa shambulio la kingono na kumtoza faini ya yuro 10,800. Nikiache kiwe onyo, au nikitoe?

Kocha_Netiboli

Ndugu Mhariri, ninafundisha netiboli ya wasichana, na kila jioni inanibidi kushika viwiko vya wafungaji ili kuvinyoosha. Nimejifunza kuomba ruhusa kwanza na kusubiri, kwa sababu binti aliyeridhia hulegeza mkono wenyewe, na asiyetaka hukaza shingo hata kama mdomo umesema ndiyo. Hayo yote hutokea kabla ya mguso, na ndizo sekunde unazozikata ili mkono ufike pamoja na ngoma. Redmond aliegemea. Hermoso alikuwa kwenye foleni ya medali, mbele ya mkubwa wa shirikisho, huku dunia ikitazama, na pa kukwepea hapakuwapo. Rudisha mwanzo wa kila kipande, hata mpigo ukiharibika, ili mtazamaji aone ni nani anayenyoosha mkono na mwenzake anafanya nini.

Mzee_wa_Riadha

Nakubaliana na Kocha kuhusu vipande vingine, lakini cha Sydney kitoe kabisa. Mama yule amerudishiwa sekunde ile mbele ya macho ya watu kwa muda mrefu mno, na video inayosifu mguso si mahali pa kumrudishia tena. Kama unafikiria pia kuweka tukio la Christian Eriksen, mwanasoka wa Denmark aliyeanguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 moyo wake uliposimama, tafadhali kumbuka kwamba wachezaji wa Denmark walijipanga kumzunguka ili asionekane. Ukitafuta upenyo kati ya mabega yao ili upate picha nzuri, utakuwa unabomoa ukuta walioujenga. Simon Kjær, nahodha wao, akimkumbatia mwenza wa Eriksen pembeni ya uwanja, hilo nalo usiliweke.

Mpenda_Kikapu

Nyongeza fupi. Michael Kraus, Cassy Huang na Dacher Keltner walichapisha mwaka 2010 utafiti kuhusu wachezaji 294 wa timu zote 30 za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, msimu wa 2008-09, wakaona kwamba timu zilizogusana zaidi mwanzoni mwa msimu zilielekea kucheza vizuri zaidi baadaye. Waliyoyahesabu ni mambo madogo ya kila mchezo: kupeana tano, kugonga ngumi, kugusana vifua. Kwenye orodha yako sioni hata moja la namna hiyo. Yote ni ya siku kubwa.

Mhariri_Moro

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Kipande cha Sydney nimekifuta, na cha Eriksen, ambacho kweli nilikuwa nimekihifadhi, nimekifuta pia. Ngoma nimeiondoa katika sehemu yote ya tatu, na mahali pake nitaweka mchezaji wa kikapu aliyekosa mtupo huru, wenzake wakimfuata mmoja mmoja kumgusa kiganja. Kipande cha Redmond sasa kinaanza baba yake akiwa bado mbali, na video imefika dakika sita.