Mjadala: Kufungia majukwaa yote kwa fujo za wachache, ni haki au tunaonewa tu?

MTOA MADA (Ilazo)

Mbukwenyi wana Dodoma na wadau wote wa kanda ya kati, Singida na Manyoni mkiwemo. Naleta hoja naomba tuijadili bila matusi, najua watani wa jadi wakikutana matusi hayakosi ila jamani tujitahidi.

Hoja yenyewe ni hii. Mashabiki wakifanya fujo timu inaambiwa icheze bila watu. Mfano ambao kila mtu anaukumbuka ni Desemba 15, 2024 pale kwa Mkapa, uwanja wa taifa Dar, Simba na CS Sfaxien ya Tunisia, kombe la shirikisho Afrika. Mechi imefika dakika za nyongeza ni 1-1, Kibu Denis akaweka la pili, Watunisia wakamvaa refa, huku jukwaani viti vikaanza kuruka. Baadae ikatangazwa viti 256 vimeharibiwa. CAF, shirikisho la mpira Afrika, wakashusha rungu, mechi ya Januari 19, 2025 na CS Constantine ya Algeria ikachezwa majukwaa meupe. Sasa nauliza, aliekatiwa raha siku ile ni nani? Ni mama aliekaa mzunguko na mwanae hajagusa hata mguu wa kiti. Yule aling'oa kiti alikaa zake baa akaangalia mpira kwenye TV na bia yake mkononi.

Na Simba akashinda 2-0. Bila mtu hata mmoja. Kwahiyo hata zile kelele za "bila mashabiki tumekwisha" nazo zina walakini.

Msimamo wangu nausema mapema ili mnirarue vizuri: kufungia majukwaa yote ni adhabu ya uvivu, ni kazi ya mtu ambae hataki kumtafuta mkosaji. Lakini pia nyie mnaosema fujo ndo sehemu ya nyumbani, kwamba mgeni lazima ateseke ndo pointi tatu zibaki, na nyie mnajidanganya. Kuna vitu viwili vinachanganywa hapa, kushangilia na kutisha, alafu tunaviita vyote "faida ya nyumbani".

Karibuni.

MNYAMA WA KIZOTA

Mtoa mada umeandika kama mtu ambae hajawahi kwenda ugenini. Nenda Algeria, nenda Misri, nenda Morocco uone, kipa wako anamulikwa leza machoni dakika 90, hoteli mnapigiwa ngoma na fataki usiku kucha, basi linazungushwa mji mzima mnafika uwanjani mmechoka. Alafu wao wakija hapa unataka tuwapokee na ubwabwa na juisi ya zabibu? Mpira wa Afrika ndo ulivyo kaka. Nyumbani ni nyumbani, mgeni aogope kidogo. Viti sawa vilivunjwa, vilipwe, yaishe, ila msitufanye tukae jukwaani kama tupo msibani.

MTOA MADA

Kaka Mnyama nakuheshimu ila ngoja nikukumbushe kitu na najua kitawauma majirani zetu zaidi yako. Mei 28, 2023, fainali ya kwanza ya shirikisho, Yanga na USM Alger, kwa Mkapa imejaa mpaka watu wakakanyagana getini, mtu mmoja akafariki na 30 wakaumia. Makelele ya kutosha, nyumbani kabisa. Yanga akafungwa 2-1. Akaenda Algiers huko kwenye leza na fataki unazosema, akashinda 1-0. Jumla ikawa 2-2, kombe likaenda kwa goli la ugenini, yani aliefunga mengi ugenini ndo bingwa. Sasa hiyo hofu ya nyumbani ilimsaidia nani pale, si hapa si kule?

Na hapa Dodoma ndo kabisa, tuwe wakweli. Dodoma Jiji wamepanda ligi kuu msimu wa 2020/21, uwanja wa Jamhuri ndo kwao. Simba au Yanga wakija, ukikaa jukwaani unajiuliza mwenyeji ni yupi. Nyekundu tupu au njano na kijani tupu, na siku hizi SGR imerahisisha, mtu anatoka Dar asubuhi jioni yupo Jamhuri na jezi yake. Walima Zabibu, yani Dodoma Jiji, wanazomewa kwao! Beki wa Dodoma Jiji akikosea uwanja mzima unacheka. Hiyo timu ina nyumbani kwenye karatasi tu. Ndo maana nikisikia mtu wa Dodoma anatetea fujo kwa jina la nyumbani nashangaa, nyumbani kwa nani?

DADA WA UDOM

Naomba niingie hapo kwenye nani anasaidiwa maana hili limepimwa. Uingereza waliwahi kuchukua waamuzi 40 wakawaonyesha mkanda wa mechi ya Liverpool na Leicester, wengine wakausikiliza na sauti ya mashabiki, wengine kimya. Utafiti ukatoka 2002. Wale wenye sauti walikuwa wanaita faulo chache zaidi dhidi ya mwenyeji, pungufu kama asilimia 15 hivi. Mkanda ni uleule, rafu ni zilezile, kilichobadilika ni kelele tu.

Alafu ikaja korona. Ligi kuu ya Uingereza msimu wa 2020/21 karibu mechi zote zilichezwa bila watu, na timu za ugenini zikashinda mechi 153 wakati za nyumbani zimeshinda 144. Ilikuwa mara ya kwanza wageni kushinda nyingi kuliko wenyeji kwenye ligi ile ya juu. Hapohapo 2021 UEFA, shirikisho la mpira Ulaya, wakafuta kanuni ya goli la ugenini, moja ya sababu wakisema nyumbani siku hizi sio mlima kama zamani.

Kwahiyo kaka zangu mashabiki wanasaidia ndio, ila sehemu kubwa wanasaidia kupitia kwenye filimbi. Refa ni binadamu, akisikia watu elfu kumi wanalia "penatiii" moyo unacheza. Hapo bado hujaongeza chupa. Huku kwetu refa mwenyewe mechi nyingi hana VAR, ile video ya kumsaidia kuamua, kibendera amesimama mita chache kutoka kwa mtu mwenye chupa ya maji iliyojaa sijui maji au nini, na mechi ikiisha anatoka amezungukwa na polisi. Unategemea aamue nini dakika ya 88?

MWANANCHI WA MAJENGO

Dada umeua. Ila mtoa mada umeruka moja, usalama wa wachezaji unaanzia kabla ya mechi. Machi 2025 Simba alizuiwa getini kwa Mkapa usiku wa kuamkia dabi na Yanga akagoma kucheza, mechi ya tarehe 8 ikaahirishwa. Mimi ni Yanga damu na bado nasema walikimbia 😂 Juni 25 wamekuja wamekula 2-0 yao.

MNYAMA WA KIZOTA

Kanuni inasema mgeni ana haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi siku moja kabla. Mabaunsa waliosimama getini walitumwa na nani? Usinichokoze.

MTOA MADA

Hiyo ya dabi tusiifufue hapa hatutamaliza. Ila Mwananchi umegusa penyewe bila kujua, maana yale mambo ya getini ndo kila siku kwenye ligi yetu. Timu inakataa kuingia vyumba vya kubadilishia nguo inasema vimepulizwa dawa, wachezaji wanabadilisha nguo kwenye basi, timu nyingine inapita mlango usio rasmi sababu mganga kasema, Bodi ya Ligi inapiga faini, wiki ijayo yaleyale. Faini ni kama nauli tu kwao wameshaizoea. Na hapo nadhani tatizo ndo lilipo, anaeadhibiwa kila siku ni klabu kwa jumla, pesa inatoka kwa tajiri wa timu, wale waliofanya hakuna anaewajua.

MZEE WA MAKOLE

Wanangu nimewasoma wote. Mimi nimekaa miaka mingi upande wa huduma ya kwanza viwanjani, sio hapa tu, na nawaambia mnajadili chupa wakati kinachoua watu ni geti.

Accra, Ghana mwaka 2001, Hearts of Oak na Kotoko, mashabiki wakaanza kuvunja viti, polisi wakarusha mabomu ya machozi, watu wakakimbilia mageti yamefungwa, 126 wakafa. Indonesia Oktoba 2022, uwanja wa Kanjuruhan, Arema kafungwa nyumbani na Persebaya, watu wakaingia uwanjani, mabomu tena, 135. Guinea pale Nzérékoré Desemba 2024 ilianza na maamuzi ya refa, mawe yakarushwa, mabomu yakarushwa, serikali yao ikatangaza watu 56. Angalieni zinavyofanana. Mwanzo ni hasira za mpira, ambazo zipo kila mahali, lakini mauaji yanatokea pale mtu amepewa moshi machoni na geti amefungiwa.

Sasa nendeni viwanja vyetu vya mikoani siku ya mechi kubwa. Mageti yapo mengi, linafunguliwa moja au mawili ili watu wasipenye bila tiketi. Mtu wa funguo ukimuuliza yuko wapi unaambiwa kaenda kunywa chai. Ambulensi ipo ndio, imepaki nyuma ya gari za wakubwa, ikitakiwa kutoka mpaka dereva wa kiongozi atafutwe. Haya mimi nimeyaona kwa macho yangu na nimeyasemea vikaoni mpaka nikachoka. Hakuna kamati inayokaa kujadili funguo, wanakaa kujadili mashabiki wamezidi.

DADA WA UDOM

Shikamoo mzee. Hapo kwenye ambulensi nimecheka kwa uchungu.

MZEE WA MAKOLE

Marahaba mwanangu. Cheka tu, tumeshazoea.

MDAU WA NKUHUNGU

Mimi nitawapinga wote kidogo. Adhabu ya pamoja inafanya kazi, msiidharau. Kwanini? Kwasababu shabiki wa kawaida anamjua mkorofi wa jukwaani kwake kuliko polisi anavyomjua. Akijua mkorofi akirusha chupa wote tunakosa mechi ijayo, atamshika mkono. Bila hiyo anamwangalia tu na wengine wanarekodi video. Na CAF hana muda wa kumtafuta mtu mmoja mmoja Kizota, anawajua Simba, anaijua TFF, shirikisho letu la mpira. Mnakumbuka CHAN iliyochezwa 2025, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Wakenya walivamia mageti ya uwanja wa Kasarani, CAF wakawakatia idadi mpaka watu 27,000. Hawakufunga uwanja wote, walipunguza. Wakenya wakalalamika ila wakanyooka. Na AFCON 2027 inakuja kwetu sisi na Kenya na Uganda, tukiendelea na hii tabia tutaaibika mbele ya bara zima kwenye uwanja wetu wenyewe.

Alafu kuna usalama ambao hauna uhusiano na shabiki yeyote na hamuuongelei. Februari 2025 Dodoma Jiji hawahawa wametoka Ruangwa kucheza na Namungo, basi likapata ajali huko Kilwa likatumbukia mtoni, wachezaji wakaumia, mechi yao na Simba ikabidi iahirishwe. Hiyo ndo ligi yetu, vijana wanakatiza nchi nzima kwa basi, wamecheza jana, keshokutwa wanatakiwa uwanjani. Kila mtu anaongelea leza, hakuna anaeuliza dereva alilala saa ngapi. Ukinambia faida ya nyumbani Tanzania mimi nakwambia kubwa kuliko zote ni kwamba mwenyeji amelala kitandani kwake.

MTOA MADA

Mdau hiyo ya basi imeniingia, na kwakweli inaunga mkono nilichokuwa nasema kuliko kukipinga. Mwenyeji tayari ana usingizi, ana nyasi anazozijua, ana jua la saa nane la Dodoma na upepo wetu huu unaopeleka krosi unakotaka wenyewe. Zote hizo halali. Kuna haja gani ya kuongezea na mawe?

Ila kwenye adhabu ya pamoja sikubaliani. Unasema shabiki atamshika mkono mkorofi. Atamshikaje, kamzidi mwili, kalewa, yuko na wenzake watano? Kwa Mkapa watu wanaingia kwa kadi ya tiketi ya kielektroniki, N-Card, kamera zipo. Mtu aking'oa kiti kadi yake ifungwe msimu mzima na alipe kiti. Hapa Jamhuri uwanja sio mkubwa kihivyo, waleta fujo wanajulikana mpaka majina ya utani. Uingereza baada ya mashabiki kubanana jukwaani uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, ambapo waliokufa walifika 97, walitoa zile nyaya za uzio wa mbele ya majukwaa na kuweka kila mtu kwenye kiti chake chenye namba. Mtu mwenye kiti chenye namba anajulikana yuko wapi. Na sasa tunajengewa uwanja mpya pale Nzuguni, basi hayo yaanze na kiti cha kwanza kabla mazoea ya Jamhuri hayajahamia huko.

Kwenye kupunguza kama walivyofanyiwa Wakenya, hapo nalegea kidogo. Jukwaa lililofanya fujo lifungwe, mengine yaendelee. Sio uwanja wote.

MWANANCHI WA MAJENGO

Jukwaa likifungwa Simba watahamia jukwaa letu, hatutaki 😂

MNYAMA WA KIZOTA

Haya tukubaliane viti visivunjwe na mageti yawe wazi, mzee wa Makole nimemuelewa sana. Chupa nazo basi. Ila kuzomea hamtunyang'anyi, na ngoma getini kwa hoteli mpaka saa nne usiku bado naitetea.

MZEE WA MAKOLE

Saa nne ni sawa mwanangu. Ila mkimaliza ngoma yenu na siku ya mechi mkifika uwanjani, kabla hujakaa muulize askari wa jukwaa lako funguo za geti la nyuma anazo nani. Akikwambia hajui, piga picha lile kufuli uwatumie TFF na Bodi ya Ligi mechi haijaanza. Mimi nikiandika barua peke yangu hawanijibu.